Sindano ya Ishirini

Nyinyi wajukuu zangu mkiulizwa shuleni bibi yenu alifanya kazi gani, mnajibu kwa Kiingereza kwamba nilikuwa na farasi, halafu mnacheka. Sikuwa na farasi. Nilishika kamba ya farasi miaka kumi na saba ili daktari apate kumchoma sindano. Ni kazi kama kazi nyingine, na ndiyo iliyowavisha viatu baba zenu. Basi tulieni msome. Atakayecheka acheke kwa kuwa nimesema la kuchekesha, si kwa kuwa hakuelewa.

Mimi niliishia darasa la pili, huko Pangani, kwa hiyo msitafute humu maneno ya vitabuni. Nasra mwenzenu amenisahihishia nukta na herufi kubwa. Mengine yote ni yangu.

La kwanza, kabla sijasahau: usiizungushe kamba ya farasi mkononi mwako. Farasi akishtuka ataondoka na kamba, na mkono wako utaifuata. Ikunje, uishike katikati. Simama ubavuni, usawa wa bega lake la kushoto, si mbele wala nyuma. Ukilazimika kupita nyuma, pita karibu kabisa, umemgusa, useme neno, ajue ni wewe. Na usivae kitu chenye tamvua. Farasi mmoja wa Longbridge alinila mtandio hadi nusu. Nikaivuta nusu iliyobaki, naye akavuta, tukawa tunavutana mbele ya mwenyewe, mama wa Kiingereza mwenye buti safi, na yule mama ananiuliza kama ile rangi haitamdhuru farasi tumbo.

"Itamdhuru nisipoupata mtandio wangu," nikamwambia.

Daktari wangu aliitwa Pauline. Mwanamke mrefu, mkavu, mzaliwa wa hapa hapa Birmingham, daktari wa farasi kwa elimu kamili: kupasua, kushona, kutia dripu, yote. Sindano za Kichina alikwenda kuzisomea ukubwani. Alisema alichoka kuwaona farasi waliomaliza dawa zote na bado wanatembea kama wamebeba kabati. Madaktari wenzake walimcheka sana. Mmoja alimpa zawadi ya mwanasesere wa nungunungu. Daktari akamweka mbele ya kioo cha gari, akazunguka naye mazizi yote, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Huyu ni mgonjwa wangu wa kwanza. Anaendelea vizuri."

Mimi nilikuwa nasafisha sakafu kwenye zahanati yake, Great Barr, pale karibu na barabara kuu ambapo magari hayanyamazi. Kazi ya kushika farasi ilikuwa ya bwana mmoja mnene. Siku hiyo farasi akamkanyaga kidole, bwana akakaa chini analia, na farasi akabaki peke yake katikati ya ua na sindano sita mgongoni.

"Unaweza kumshika dakika moja?" Daktari akaniita.

Mimi punda nilikuwa nawajua. Farasi sikuwahi kumgusa. Lakini nilikuwa nimelea watoto watano. Nikaweka ufagio chini, nikashika kamba, nikamtazama usoni, nikamwambia kwa Kiswahili, "Simama hapo. Huna adabu. Watu wazima wanakuhangaikia wewe unakanyagakanyaga."

Akasimama. Daktari akanitazama kama ameona muujiza.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hana adabu."

"Ni mbinu ya Kiafrika?"

"Ni mbinu ya mama."

Tangu siku hiyo ufagio alipewa mtu mwingine.

Sasa mjue namna ya kujua kama sindano imeingia vizuri. Msimtazame daktari, mtazameni farasi. Kwanza ngozi inatetemeka kama imetuliwa na nzi. Kisha anashusha kichwa. Kisha analamba midomo, anapiga miayo mpaka mnaona meno ya nyuma, na mwisho mdomo wa chini unalegea na kuning'inia kama wa babu yenu akisikiliza taarifa ya habari. Hapo kazi imekwenda. Asiposhusha kichwa, bado. Baadaye Daktari alinunua kisanduku cha umeme chenye nyaya za kubana kwenye sindano, umeme mdogo tu, farasi anausikia kama kugongwagongwa na kidole. Mtoto mmoja alikuja zizini, akamwona farasi wake na nyaya mgongoni, akauliza, "Amefika asilimia ngapi?" Nikamwambia sitini, akaenda kucheza.

Wala msidhani ni miujiza. Aliyekuja na farasi mwenye tumbo lililojisokota, Daktari hata mkoba hakuufungua. Alimpeleka kupasuliwa saa ile ile. Na sheria ya hapa, sindano hizo mnyama hachomwi na mtu asiye daktari wa wanyama. Mimi sikuchoma hata moja. Jirani yetu Mama Wanjiru, nesi, Mkenya, hakuyaamini hayo. Kila akinikuta kwenye basi alikuwa ananiinamia sikioni.

"Bi Mwatumu, si uniwekee tu moja hapa kiunoni? Nimesimama wodini masaa kumi na mbili."

"Mimi nashika kamba, Mama Wanjiru. Ukitaka nitakushika kamba."

Basi zilizokuwa zangu zilikuwa kazi mbili: kamba na hesabu. Hesabu ndiyo iliyonitia aibu mbele ya harusi nzima, na ndiyo sababu naandika.

Sindano zile ni nyembamba kama unywele. Daktari hakuwa na idadi moja. Alikuwa anapapasa mgongo, akikuta mahali pamekaza anaongeza. Leo kumi na mbili, kesho ishirini na tatu. Zilizoingia lazima zitoke zote, maana moja ikibaki na tandiko likawekwa juu yake, farasi ataumia na mpandaji atajua aliko Mungu wake. Kuhesabu kwa kichwa sikuweza, huku farasi anasogea na mwenyewe anazungumza. Nikatafuta njia yangu. Nilikuwa na makokwa ya tende yaliyokauka, nimeyaosha, nimeyaweka mfuko wa kulia wa koti. Daktari akichoma sindano moja, nahamisha kokwa moja kwenda mfuko wa kushoto. Akichomoa moja, narudisha moja kulia. Mwisho wa kazi mfuko wa kushoto lazima uwe mtupu. Daktari zamani alikuwa akihesabu naye. Mwaka wa tatu akaacha. Alisema yeye hukosea, makokwa hayakosei.

Mzee Balbir alikuwa Singasinga wa Handsworth, amezaliwa Nakuru, baba yake fundi wa reli, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji lakini kilimtosha. Alikuwa na farasi jike mweupe anaitwa Moti. Bwana harusi wa Kisingasinga akitaka kuingia harusini kwa heshima, alikuwa anakodi Moti, farasi anavishwa vitambaa vya dhahabu, anapigiwa ngoma, anambeba polepole mpaka hekaluni kwao, gurdwara, na barabara nzima inatazama. Moti alifanya kazi hiyo miaka mingi. Kisha mgongo ukamkaza. Harusi moja alikataa kutembea. Harusi iliyofuata alikunja mgongo kama paka, na bwana harusi akamwangukia mpiga ngoma.

Mzee alikuwa na mtoto, Jaspal, mtu mzima wa biashara. Jaspal akanunua gari jeupe lisilo na paa. Akamwambia baba yake waziwazi mbele yetu: Jumapili kuna harusi moja. Moti akimfikisha bwana harusi, sawa. Akishindwa, Jumatatu dalali wa farasi anakuja na lori. Na farasi mzee wa dalali mnajua anakokwenda. Haendi kupumzika.

"Mama," Mzee Balbir akaniambia, "hii farasi mimi nalea tangu iko mtoto. Jaspal nasema gari iko bora. Gari najua nini ya harusi?"

Daktari alimchoma Moti mara tatu katika wiki zile, na kwa kweli mgongo ulipona. Alimpapasa kila pahali, akamtembeza, akampandisha mtu mwepesi uani. Akasema uchungu umeisha, kilichobaki ni woga: Moti anakumbuka maumivu, anajikaza kabla hajaguswa. Akaamua Jumapili asubuhi amchome mara ya mwisho pale pale nyumbani kwa bwana harusi, apumzike, kisha atandikwe.

Jumapili niliondoka nyumbani bila kunywa chai, nikala tende moja garini ili sukari isinishuke. Tukafika mtaa wa nyuma ya Soho Road, nyumba zile za matofali mekundu zilizoshikana. Moti tukamshusha kwenye tela tukamwingiza uani. Upepo ulikuwa mkali, vikaratasi vya sindano vikaruka vyote kwa jirani. Daktari akachoma, nikahamisha makokwa. Dakika ishirini. Moti hakushusha kichwa. Alisimama kama mlango. Daktari akakunja uso, akaanza kuchomoa na kutia kwenye kopo la manjano, nami narudisha makokwa. Akamaliza. Nikapapasa mfuko wa kushoto.

Kokwa moja.

"Daktari," nikasema, "moja bado."

"Haiwezekani. Nimezichomoa zote."

"Kokwa liko hapa."

Akafungua kopo, akahesabu kwa koleo dogo. Kumi na tisa. Makokwa niliyorudisha, ukiongeza hili lililobaki, ishirini. Daktari akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa, na alikuwa mweupe.

"Hakuna mtu atakayempanda farasi huyu," akatangaza, "mpaka sindano ionekane."

Sasa piga picha. Nje ngoma imeshaanza. Bwana harusi amesimama kibarazani, kilemba chekundu, upanga kiunoni, shada la maua limemfunika uso. Hekaluni wanatungoja kwa saa maalumu. Jaspal akatoa funguo za gari mfukoni, akazichezesha.

"Nilisema mimi. Gari halina sindano."

"Nyamaza wewe," Mzee akamwambia.

"Nikae juu ya sindano?" bwana harusi akauliza kutoka ndani ya maua. "Leo? Leo hasa?"

"Ni ndogo," Daktari akasema.

"Iko wapi hiyo ndogo?"

"Hatujui."

Mzee Balbir alinitazama. Sijasahau alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeomba maji. Hapo nikaacha kuwa mshika kamba, nikawa Bi Mwatumu wa Pangani.

"Wajomba wote waje hapa," nikasema. "Vueni pete na saa."

Wakaja wanaume kumi na tano, vilemba rangi moja, suti za harusi. Nikawapanga kama wanawake wanaochambua mchele. Watatu mgongoni, watatu kila ubavu, wengine miguu na tumbo. Kiganja wazi, polepole, kwanza kufuata manyoya, kisha kinyume chake, na mahali palipokwisha pitiwa apite mwingine tena. Mjomba mmoja akakimbia ndani akarudi na sumaku ya friji yenye picha ya Blackpool. Daktari akamwambia sumaku haitazishika sindano hizi. Mjomba akasema yeye amefanya kazi ya vyuma miaka thelathini, akaendelea kumpitishia Moti picha ya Blackpool kuanzia shingoni mpaka mkiani. Shangazi wakaona wanaume wanakosea, wakaingia nao. Mpiga ngoma nikamwambia apige taratibu, asimshtue mnyama.

"Taratibu vipi?"

"Kama unabembeleza mtoto. Hujawahi kuwa na mtoto?"

"Sijaoa, auntie."

"Basi ndiyo maana."

Ikapita robo saa. Watu ishirini na zaidi wanamsugua farasi mmoja kimya kimya, kama kwetu anavyosingwa bibi harusi. Hakuna sindano. Jaspal ametoka nje kulifuta gari vumbi. Mimi jasho linanitoka, nikatia mkono mfuko wa kushoto kutafuta kitambaa, vidole vikagusa lile kokwa.

Lilinata.

Makokwa yangu yana miaka. Yamekauka, yamelainika kama vifungo. Hili lilinata, na lina unyuzi wa tende. Nikasimama pale na kamba mkononi nikaikumbuka tende yangu ya garini. Sikutupa kokwa ndani ya gari la watu, nina adabu zangu. Nililitia mfukoni. Mfuko wa kushoto.

Hapakuwa na sindano ya ishirini. Haikuwahi kuwako.

Nawaambia kweli, nilifikiri kunyamaza. Miaka kumi na saba sijakosea, nije kukosea mbele ya vilemba vyote vile. Lakini nikinyamaza hakuna wa kupanda, na Jumatatu lori linakuja. Nikamvuta Daktari shati.

"Daktari. Hakuna sindano. Nilikula tende."

Akatazama mkono wangu, akaliona lile kokwa, akaelewa. Nilidhani atanipigia kelele. Akainama sikioni mwangu.

"Usiseme bado," akanong'ona. "Mtazame."

Nikageuka. Moti alikuwa ameshusha kichwa mpaka kwenye viatu vya Mzee Balbir. Macho nusu. Akapiga miayo, meno yote nje. Shangazi mmoja akaruka. Kisha mdomo wa chini ukalegea, ukaning'inia, na mate yakamdondokea mjomba wa Blackpool kwenye suti. Akaegemea kwa uzito wake wote kifuani mwa wajomba wawili, nao wakamshikilia, hawathubutu kusogea. Kwa sindano zote za wiki zile hakuwahi kufanya vile. Mikono arobaini ilimgusa mgongo, na hakuna hata mmoja uliomuumiza.

"Dakika tano," Daktari akasema. "Kisha tutasema."

Dakika tano zikaisha. Akafungua kinywa aseme yeye, maana ndiye mkubwa wa kazi. Nikamtangulia.

"Acheni," nikasema. "Sindano zote zimetoka. Kosa ni langu. Nahesabu kwa makokwa ya tende, na asubuhi nilikula tende nikalitia kokwa humo humo."

Ngoma ilikoma. Jaspal alikuwa amerudi mlangoni na kitambaa cha kufutia gari.

"Yaani tumemkanda farasi nusu saa," akasema, "kwa sababu ya tende?"

Shangazi mmoja akaanza kucheka, akashika ukuta. Wengine wakafuata. Mimi sikucheka. Nilisimama wima, nikashika kamba vizuri.

"Cheka kesho," Mzee Balbir akamwambia mwanawe. "Leo tazama farasi."

Wakamtandika. Moti hakukunja mgongo. Wakamleta bwana harusi, akauliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia mimi nimelea watoto watano na nina hakika, apande. Akapanda. Daktari aliweka kiganja nyuma ya tandiko, nami nikashika kamba, Mzee upande wa pili. Moti akavuta pumzi ndefu. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, asisikie mtu mwingine, kwamba kuna lori, na kwamba mimi siwezi kumtembezea miguu yake.

Akatembea.

Tukatoka mpaka Soho Road, ngoma imepamba moto, basi limesimama na dereva anapiga picha, wenye maduka wametoka na mizani mikononi. Hatua kwa hatua, kichwa chini, kama mama anayekwenda sokoni na hana haraka. Alisimama mara moja tu, mbele ya duka la pipi, akaangalia kioo, akaendelea. Hekaluni bwana harusi alishuka mzima, hakuna aliyeangukiwa. Mzee Balbir alikuwa amemshika Moti shingo na uso ameuficha kwenye manyoya. Jaspal alisimama kando, akatoa simu, nikamsikia akimwambia dalali asijisumbue kuja.

Daktari alinirudisha kwa gari mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema kuanzia kesho kila mmoja atahesabu kwa njia yake, tulinganishe. Nikasema sawa. Alikuwa na haki. Basi na nyinyi, kazi yoyote mtakayofanya, hata kama hamjakosea miaka kumi na saba, mwacheni mtu mwingine ahesabu pia.

Nilistaafu mwisho wa mwaka ule ule, magoti. Juzi juzi nikaalikwa harusi ya kaka wa rafiki yake Nasra, Handsworth. Ua wa watu nisiowajua, na katikati yake Moti, mweupe, amepambwa. Mzee Balbir ameshika kamba. Nikataka kumwita, lakini nikaona wajomba wanavua pete na saa. Wakajipanga. Watatu mgongoni, watatu kila ubavu. Wakaanza kumsugua, viganja wazi, kwanza kufuata manyoya, kisha kinyume chake. Mpiga ngoma akapiga taratibu. Watu wote wametulia kama wako ibadani. Nikasogea, nikanyoosha mkono nami nimguse.

Bibi mmoja wa vazi la njano, umri wangu, akanikamata kifundo cha mkono.

"Si wa kushoto, dada," akaniambia kwa ukali. "Mkono wa kulia. Na usiongee. Hivi ndivyo wazee wetu walivyofanya tangu enzi na enzi."

Nikamtazama Mzee Balbir. Mzee Balbir akatazama viatu vyake.

Nikaweka mkono wa kulia, nikanyamaza.